Diski Iliyoandikwa Rachelle

Kwa mwanamke aliyeolewa na mpiga kinanda, Mushiya alikuwa na upungufu mmoja: hakuweza kuimba. Si kwamba aliimba vibaya kidogo kama watu wengi. Sauti yake ilikwenda kandokando ya wimbo, na yeye mwenyewe aliisikia ikipotea asijue jinsi ya kuirudisha njiani. Alichojaliwa ni mpangilio. Kabla ya kuolewa alifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na soko, na wateja walimpenda kwa sababu karatasi ya mtu haikupotea mikononi mwake.

Mume wake, Stany Ngoy, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alipiga kinanda kanisani tangu ujana wake, na katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, moja ya zile nyumba za zamani za kampuni ya mgodi pale Dilala, mjini Kolwezi, alikuwa na studio: kompyuta, maikrofoni moja nzuri, na blanketi nzito zilizopigiliwa ukutani. Kwaya za mjini zilirekodi hapo. Wenye maduka walikuja hapo kutengenezewa matangazo ya redio. Lori la madini lilipopita barabarani watu wote walinyamaza wakasubiri, maana mtetemo wake ulipenya hata blanketi.

Stany alikuwa na sikio zuri, lakini kazi zake zote zilirundikana ndani ya diski moja kama nguo chafu ndani ya kapu: programu, milio ya ngoma na gitaa, nyimbo zilizokwisha na nyimbo zilizoachwa katikati. Faili moja iliitwa Mwisho, nyingine Mwisho Mpya, nyingine Mwisho wa Kweli. Sauti ilikatika katikati ya ubeti, kwa sababu diski hiyohiyo ilitakiwa isome ngoma na kuandika waimbaji kwa wakati mmoja. Siku moja kwaya ya mama Abigaëlle ilikuja kuchukua wimbo wake, ikakuta sehemu ya sauti ya kwanza imefunikwa na tangazo la magodoro. Mushiya, aliyekuwa akiwapitishia maji ya kunywa, aliona aibu kuliko mume wake.

Hapo ndipo alipodai zinunuliwe diski nyingine tatu, akaingia studio na kupanga, kama alivyozoea kupanga kule dukani. Diski ya kwanza, ile ya ndani ya kompyuta, ikabaki na programu tu. Ya pili ikawa ya kupokea sauti zinazorekodiwa, kila kwaya na folda yake, kila wimbo na jina lake na tarehe yake. Ya tatu ikawa ghala la milio ya vyombo. Ya nne, kubwa, ya nje, ikawa ya kopi, na hiyo haikukaa studio kabisa. Aliifunga ndani ya kipande cha kitenge akaiweka kabatini chumbani kwao, chini ya nguo zake, ili mwizi au umeme unaorudi kwa nguvu usichukue vyote kwa pamoja. Kila Jumamosi mchana aliitoa, akanakili kazi za juma lile, akairudisha.

Mwanzoni Stany alicheka, halafu akazoea, halafu akasahau kwamba mambo yaliwahi kuwa vingine. Alipotaka wimbo wa zamani aliita tu, "Mama Jeancy," kwa jina la mtoto wao, na wimbo ukaja. Mushiya alipenda kuitwa hivyo. Hakuwa na nafasi ndani ya muziki wa mume wake, lakini alikuwa na nafasi mlangoni, na hiyo ilimtosha.

Ndipo Rachelle alipokuja kutoka Lubudi, akakaa kwa shangazi yake Josée, mwanakwaya wa kanisa lao. Alikuwa msichana mpole, mkimya, asiyekaa katikati ya watu. Jumapili moja wakampa ubeti aimbe peke yake. Sauti yake ilianza chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake, kisha ikapanda bila kuonyesha mahali ilipopandia. Watu waligeuka kwenye viti. Stany, kwenye kinanda chake, aliacha kupiga kwa kitambo kidogo, na Mushiya aliona vidole vyake vikiwa vimesimama hewani.

Siku chache baadaye Rachelle alikuwa akirekodi katika chumba cha nyuma.

Mushiya hakuwa na jambo la kumshtaki mtu yeyote. Mlango wa studio haukufungwa kwa ufunguo. Mara nyingi mama Josée mwenyewe alikaa ndani, pembeni, akifuma kitambaa chake. Lakini zamani mwimbaji alipokosea Stany aligonga meza. Sasa alisema, polepole, turudie, hatuna haraka. Zamani alirekodi na fulana aliyolala nayo. Sasa alinyoa ndevu asubuhi. Kiti chake chenye mto, ambacho mtoto wao hakuruhusiwa kukikalia, kikawa kiti cha Rachelle. Bukari, ugali wa mchana, ilipoa mezani. Kupitia ukutani Mushiya alisikia mstari uleule ukiimbwa mara kumi, na katikati ya mstari na mstari alisikia wakicheka kidogo, kwa namna ya watu ambao hawahitaji kumaliza sentensi.

Kama angekuta mlango umefungwa, angejua la kufanya. Angeita dada zake, angepeleka shauri kwa wazee wa ukoo. Lakini atamshtaki mume kwa kosa gani, kwamba alisema turudie kwa upole? Wivu wake ulikosa mahali pa kushika. Alipofua nguo ulikuwepo, alipochambua mchele ulikuwepo. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa uso wa Rachelle wala ujana wake. Kilikuwa yale mazungumzo waliyokuwa nayo wawili, yasiyo na maneno, ambayo yeye hata angekaa katikati yao asingesikia yanasema nini.

Wakati huohuo diski ya pili, ile ya kurekodia, ilianza kugonga. Tik, tik, kama ukucha juu ya kopo tupu. Mushiya alijua maana yake, kwa sababu diski ya kule dukani ilifanya vilevile kabla ya kufa. Alimwambia Stany inunuliwe nyingine mapema, na Stany akakubali bila ubishi. Alasiri moja akarudi na kiboksi kidogo. Ndani mlikuwa na diski ya aina mpya, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, nyepesi, ya kutosha kiganjani, na yenye kasi ambayo kompyuta yao haijapata kuiona. Mushiya alifurahi kweli. Alikwenda kuchukua utepe wa gundi na kalamu ili aiandike jina.

"Tuandike Kurekodi?" aliuliza.

"Andika Rachelle."

Alidhani hakusikia vizuri. "Rachelle ni dosye, ni folda tu, haiko diski."

Stany alichukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akabandika. "Ule mutoto anarudilia mara mingi, na mi sitaki kupangusa hata moja. Bitu bya batu bengine bisiingie mule. Ile ya zamani itaenea ba korali, itabatosha."

"Ile ya zamani inakufa, tata Jeancy. Unaisikia."

"Inagongaka vile tangu mwezi, na inatumika."

"Mule muko nyimbo za ba mama Abigaëlle. Nyimbo yote ya jubile yabo iko mule."

Stany alimtazama, si kwa hasira. Alisema kwa sauti ya chini, "Kama diski hii ingelikuwa ya mutu mwingine, ungelisema hivi?"

Diski ilikuwa ikifa kweli, na mume wake alikuwa amesema kweli pia. Tangu siku ile Mushiya hakuweza kutaja tena mlio ule wa tik, tik. Kila neno alilotaka kusema kuhusu diski lilifika mdomoni likiwa limevaa nguo za wivu, na alijua Stany hataona kingine zaidi ya nguo hizo. Basi akanyamaza, diski ya zamani ikaendelea kugonga, na upande wa pili wa meza diski mpya, ndogo na nyeusi, ikafanya kazi kimya, na jina la msichana mgongoni mwake.

Ilikuja Jumamosi ambayo diski ya kopi ilijaa. Mushiya aliifungua kutazama kilichokula nafasi. Ilikuwa folda ya Rachelle, maana Stany hakukubali kufuta hata jaribio moja, hata yale yaliyokatizwa na lori. Kazi mpya za kwaya ya mama Abigaëlle hazikuweza kuingia. Njia iliyonyooka ilikuwa kumwita mume wake, kumweleza, na kuchagua pamoja cha kupunguza. Stany alikuwa palepale uani akizungumza na jirani.

Hakumwita. Alifungua wimbo mmoja wa Rachelle akausikiliza hadi mwisho. Wimbo ulikwisha, pakawa na ukimya, na ndani ya ukimya ule maikrofoni, iliyokuwa bado wazi, ilikuwa imechukua sauti ya Stany akishusha pumzi. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo mbali na kwake.

Mushiya akaifuta folda nzima. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Alisikia utamu kifuani, utamu halisi, na aibu ikafuata nyuma taratibu kama mgeni anayejua atafunguliwa. Alijiambia kwamba nyimbo za Rachelle ziko salama kwenye diski yake mpya, na za kwaya ziko kwenye diski inayokufa, kwa hiyo mtu mwenye akili angefanya vivyo hivyo. Ilikuwa kweli. Haikuwa sababu. Akanakili kazi zote za kwaya, moja baada ya nyingine, akaifunga diski ndani ya kitenge. Tangu hapo kila Jumamosi aliiruka ile ndogo nyeusi.

Haikuchukua muda. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili diski ya zamani haikugonga tena. Haikufanya chochote. Kwaya ya mama Abigaëlle ilikuwa barazani na vitenge vya sare, imekuja kuimba ubeti wa mwisho wa jubile. Stany alichomoa waya, akachomeka, akachomoa, kisha akakaa na mikono kichwani. Mushiya alikwenda chumbani akarudi na diski ya kopi. Kila kitu kilikuwepo, hata ule mstari ambao mama mmoja alikohoa.

Stany alitoka hadi barazani akawaambia wale akina mama kwamba bila huyu mwanamke yeye angekuwa mpiga kinanda wa kanisa tu, basi. Walipiga vigelegele. Mama Abigaëlle alimkumbatia Mushiya akamwita mtunza nyumba wa kweli. Mushiya alitabasamu, lakini alijisikia kama mtu anayesifiwa kwa nguo ya kuazima. Kama asingemfuta Rachelle, nyimbo zile zisingepata nafasi. Wivu wake ndio uliowaokoa, na hakujua amshukuru nani.

Diski ya kurekodia ikanunuliwa nyingine, ya kawaida, na kazi ikaendelea. Kisha asubuhi moja Rachelle akaja na shangazi yake, akiwa amevaa nguo za safari. Mama Josée ndiye aliyeeleza. Mtu mwenye studio Lubumbashi alimsikia mtoto akiimba kwenye harusi, anamtaka aende, na gari linaondoka mchana. Rachelle alitazama chini.

"Tata Stany," alisema, "ulisemaka ile diski ni yangu."

Mushiya alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mume wake akitarajia uso ubadilike, na haukubadilika. Stany alichomoa ile diski nyeusi, akairudisha ndani ya kiboksi chake, akampa kwa mikono miwili. Alimshauri asiiweke karibu na maji, asiikopeshe mtu. Alitabasamu hata. Kwa kitambo kile Mushiya aliona haya kwa yote aliyowaza miezi yote ile: kumbe mtu wake anaweza kumwacha msichana aende kwa moyo mweupe. Rachelle alipomuaga kwa kupiga goti kidogo, Mushiya alimpa ncha za vidole, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado haujapata habari kwamba moyo umetulia.

Mchana Stany alimkuta jikoni akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Lete diski ya kopi," alisema. "Mi nitamaliza nyimbo za Rachelle polepole, nitamutumia."

"Haziko mule."

"Haziko mule namna gani?"

"Nilizipangusa. Diski ilijaa, na jubile ya ba mama Abigaëlle haikuenea."

Stany alisimama akifikiri, na Mushiya aliona kwamba jibu lile lingeweza kupita. Lilikuwa jibu zuri. Stany angekasirika kidogo, kisha angekumbuka vigelegele vya barazani, na mambo yangekwisha. Lakini Mushiya alikuwa amechoka kuubeba ukweli peke yake.

"Ndjo vile nilijiambiaka," alisema. "Haiko ndjo sababu. Nilikuwa na wivu. Nilisikia nyimbo yake moja mupaka mwisho, na nikapangusa."

Stany alikaa juu ya kreti. Nje lori lilipita, na kwa mazoea wote wawili walisubiri hadi liishe.

"Ningelijua," alisema hatimaye, "singelimupatia ile diski."

Mushiya aliacha majani yaanguke kwenye beseni. Aliyasikia maneno yale polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Basi ule moyo mweupe wa asubuhi haukuwepo. Stany aliweza kumpa Rachelle nyimbo zake kwa tabasamu kwa sababu aliamini amebaki nazo.

"Basi hukumupatia kintu," Mushiya alisema. "We ulibakia naye. Mu kabati yangu, chini ya nguo zangu. Na mi ndjo nilikuwa nakulindia."

Stany hakukana. Kama angekana, Mushiya angepata mahali pa kuanzia ugomvi. Aliinuka, akaenda studio, na hakutoka hadi Jeancy aliporudi kutoka shule.

Siku nyingi zikapita Stany akitafuta faili zake mwenyewe. Mushiya alimsikia akihangaika na kipanya cha kompyuta, akinung'unika, na hakumwita. Mwishowe ni yeye Mushiya aliyevaa viatu akaenda kwa mama Josée. Alisema ukweli nusu: kwamba kopi imefutika, na kama Rachelle anaweza kutuma diski, watanakili na kuirudisha. Mama Josée alipiga simu mbele yake. Rachelle alijibu kwa heshima zote. Yule mtu wa Lubumbashi alikuwa ameipenda sauti tu, muziki wenyewe hakuutaka; alisema kila kitu kitaimbwa upya, akaisafisha diski ili aweke kazi zake.

Mama Josée alikata simu. "Ule mutoto alikuwa anakuogopa, mama," alisema. "Siku za kurekodi, kula ilikuwa inamushinda asubuhi. Aliniulizaka alikukosea nini."

Miezi yote ile Mushiya hakuwahi kuwaza kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mtu anamsikiliza yeye: hatua zake, masufuria yake, mlango wa jiko alioufunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Aliomba mama Josée amfikishie salamu, na alijua salamu hazitoshi. Nyumbani alimweleza Stany habari ya diski kusafishwa. Stany alitikisa kichwa mara moja akaendelea kukunja waya.

Wimbo ulikuja kwenye redio miezi kadhaa baadaye, wakiwa mezani. Sauti ilikuwa ileile, na Mushiya aliitambua kabla ya neno la kwanza kwisha. Kinanda kilikuwa cha mtu mwingine. Stany aliweka chini tonge lake la bukari. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwamba kinanda kiko juu mno, kinafunika sauti. Akasema yule mtu haelewi pale anapotakiwa kunyamaza. Akasema ngoma ni zile zinazouzwa tayari, kila mtu anazo. Alisema hivyo chakula chote. Siku zilizofuata aliikazia macho redio ya jirani kama anayetaka kuizima kila ilipoimba, aliuliza watu yule mpigaji ni nani na alijifunzia wapi, na mara mbili Mushiya alimkuta studio akipiga peke yake ule wimbo, kwa namna yake, bila sauti ya mtu juu yake.

Mushiya aliijua njia ile yote, kila kona yake. Alikuwa ameipita kwa miguu. Alidhani angefurahi kumwona mume wake juu yake, na kweli alifurahi, kwa siku moja au mbili. Halafu furaha ikaisha, na kilichobaki ni kumtazama mtu anayeumia kwa maumivu anayoyajua.

Alikwenda akasimama nyuma yake karibu na kinanda.

"Inauma," alisema.

Stany hakugeuka. "Inauma," alisema.

Hayo ndiyo maneno waliyosemezana juu ya Rachelle siku ile, na hawakuongeza. Lakini kabla ya kuondoka Mushiya alisema jambo moja zaidi: kwamba hataki tena kuitwa mlangoni. Akitakiwa kutunza nyimbo, atakaa ndani zinapoimbwa. Stany alisogeza meza ili kiti cha pili kiingie.

Sasa kila diski ya studio ile imeandikwa kazi yake, haina jina la mtu, na kila wimbo unakaa mahali patatu, upendwe usipendwe. Mushiya ndiye anayeshika kompyuta Stany anapopiga. Wivu haukumtoka. Alikuja mwimbaji mwingine, Joyeuse, mwanamke mkubwa mwenye kicheko, na Mushiya aliusikia ukiinuka tena kama mbwa anayesikia lango. Tofauti ni kwamba alikuwa chumbani, na aliweza kuona kwamba Stany anaposhusha pumzi macho yake yamefumbwa, hamtazami mtu.

Joyeuse aliimba ubeti wake mara mbili. Stany alisema ya pili ndiyo nzuri. Mushiya alisema ni ya kwanza, kwa sababu katika ya pili mama Joyeuse alikuwa ameshachoka kuyafikiria maneno anayoyaimba. Stany alikataa. Wakazisikiliza tena zote mbili, Joyeuse amekaa katikati yao akigeuza kichwa huku na huku, wakabishana mpaka maharagwe yakaungua jikoni.